Chama cha Wahandisi kwa Mwanafunzi Asiye na Mhandisi Nyumbani

Mwezi Septemba mwaka jana, siku chache kabla vyuo havijafunguliwa, mpwa wangu anayesoma uhandisi wa ujenzi alinitembelea hapa Chuno, Mtwara Mjini, akitokea Kitangari kwa dada yangu. Alikuwa amemaliza mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa pili, na mikono yake ilikuwa bado na mikwaruzo ya nondo. Baada ya chakula alitoa mkobani fomu mbili, moja ya kujiunga na Taasisi ya Wahandisi Tanzania kama mwanachama mwanafunzi, nyingine ya chama cha kimataifa chenye tawi la wanafunzi chuoni kwake, akaziweka mezani na kuuliza: "Mjomba, ada hizi ninalipia nini hasa, wakati hata kazi sina?"

Kwetu Wamakonde swali la namna hiyo hupelekwa kwa mjomba, na mjomba hana ruhusa ya kulijibu kwa haraka. Nilimjibu kwa sehemu usiku ule, na ninaandika hapa kwa ukamilifu zaidi kwa sababu najua wapo vijana wengi wa Mtwara na Lindi wenye swali hilohilo na ambao mjomba wao ni mkulima, mvuvi au mwalimu, mtu mwenye hekima zake lakini asiyeweza kuwaambia ofisi ya mhandisi inavyokwenda.

Nianze na jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko mengine yote. Kijana aliyezaliwa na mhandisi hupata elimu mbili: moja chuoni, nyingine nyumbani. Akiwa bado sekondari anamsikia mzazi wake akilalamikia zege lililochelewa, anaona michoro imetandazwa mezani, anajua tofauti ya mkandarasi anayejenga na mhandisi mshauri anayekagua kazi kwa niaba ya mwenye mradi, anajua nani hupigiwa simu jambo linapoharibika. Siku akitafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, anakwenda kwa mtu anayemfahamu kwa jina na anayelifahamu jina la baba yake. Mtoto wa mkulima wa korosho anaweza kumshinda darasani, na mara nyingi humshinda kweli, lakini ile elimu ya pili haimo katika mtaala wowote. Chama cha kitaaluma ndipo mahali pekee ninapopafahamu ambapo elimu hiyo hugawiwa kwa mtu ambaye hakuzaliwa nayo.

Mimi nililelewa katika nyumba isiyo na mhandisi. Nimezaliwa na kukulia Kitangari, wilayani Newala, chini ya ule uwanda wa juu wa Makonde ambao ardhi yake ni mchanga mtupu unaonyonya mvua yote, kiasi kwamba juu huko hakuna mto wala kijito. Bibi zetu waliteremka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo vichwani. Ndiyo maana maji yanayosukumwa kutoka visima vya Mitema hadi juu ya uwanda si habari ndogo kwetu. Nilipokuwa mtoto nilijiuliza mara nyingi ni nguvu gani inayoweza kuyafanya maji yapande mlima. Mwalimu wangu wa fizikia alinijibu kadiri alivyoweza, na jibu lake ndilo lililonifikisha kwenye uhandisi.

Nilikwenda chuo Dar es Salaam mwaka 2005. Daraja la Mkapa lilikuwa tayari limefunguliwa tangu 2003, kwa hiyo hatukulala tena tukisubiri kivuko cha Mto Rufiji kama walivyofanya kaka zetu, lakini kipande cha barabara kati ya Ndundu na Somanga, kilomita 60 hivi, kilikuwa bado hakijatiwa lami, na msimu wa mvua basi liliweza kukwama humo usiku kucha. Nalitaja jambo hili kwa sababu umbali ule ulikuwa na maana yake. Mwanafunzi wa kutoka kusini hakuweza kurudi nyumbani mwisho wa wiki kumuuliza mtu. Nilipofika chuoni sikuwa namjua mhandisi hata mmoja.

Mwaka wa kwanza nilijiunga na chama kwa sababu wenzangu wa bweni walijiunga. Nikalipa ada, nikapewa kadi, nikaihifadhi katika kitabu cha hisabati, na mwaka mzima sikuhudhuria mkutano wowote. Wala sikupata chochote. Ninalisema hili waziwazi kwa sababu wapo watakaokuambia kwamba uanachama hauna faida, na baadhi yao wanasema kweli kuhusu uanachama wao. Kadi peke yake haimtambulishi mwanafunzi kwa mtu yeyote.

Mambo yalibadilika mwaka wa pili, jioni moja ambapo tawi letu la wanafunzi lilimwalika mhandisi mzee wa mitambo ya maji kuzungumza. Nilikwenda kwa sababu ya neno "pampu" katika tangazo. Tulikuwa kama watu ishirini na watano katika chumba chenye viti mia. Alipomaliza, aliteremka akakaa kwenye viti vya mbele pamoja nasi, na akamuuliza kila mmoja kwao ni wapi. Nilipojibu kwamba ni Kitangari, alininyamazia kidogo, kisha akauliza: "Maji ya kwenu yanatoka wapi, kijana?" Nikasema Mitema. Akacheka kwa furaha, akasema aliwahi kufika huko alipokuwa kijana kufunga pampu, na kwamba hajasahau ule mlima.

Kisha akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisoma na kulifaulu katika mtihani bila kulielewa. Aliniuliza kinatokea nini pale mashine za kusukuma maji zinapozimika ghafla na bomba refu limejaa maji yanayopanda. Nikasema maji yatasimama. Akasema hapana, maji hayasimami kwa utulivu, kwa sababu yana uzito na yana mwendo. Yatapunguza kasi, yatageuka, yatarudi chini kwa nguvu, na yatakipiga kizuizi chochote yatakachokikuta. Hicho ndicho kishindo cha maji. Akachukua kalamu akaniandikia pale pale ile kanuni ya Joukowsky, mwanasayansi wa Urusi aliyefanya majaribio katika mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa karne ya 19: zidisha densiti ya maji, yaani kilo zilizomo katika mita moja ya ujazo, kwa kasi ya wimbi la mgandamizo ndani ya bomba, kisha zidisha kwa mabadiliko ya kasi ya maji. Katika bomba la chuma wimbi hilo hukimbia takriban mita 1,000 kwa sekunde. Kwa hiyo maji yaliyokuwa yakienda mita 1 tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole, yakizuiwa ghafla huongeza mgandamizo unaolingana na safu ya maji yenye urefu wa mita 100 hivi, juu ya mgandamizo uliokuwamo tayari. "Sasa fikiria," akasema, "bomba ulilolichagua kwa kuangalia kimo cha mlima peke yake."

Alieleza tiba zake moja baada ya nyingine: valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, ambayo lazima ijifunge mapema kabla maji hayajapata kasi ya kurudi, kwa maana ikichelewa inakuwa yenyewe chanzo cha kishindo; tangi lenye hewa iliyobanwa ili ipokee msukosuko kama godoro linavyopokea mtu anayeanguka; gurudumu zito kwenye mhimili wa pampu ili mashine isizimike papo hapo bali ipungue mwendo taratibu; na valvu za kutolea mgandamizo uliozidi. Kila tiba aliiambatanisha na mahali alipoiona ikifanya kazi au ikishindwa. Sikuwahi kupata saa moja yenye manufaa kuliko ile katika miaka yangu minne ya chuo, na nasema hivyo nikiwaheshimu sana walimu wangu, ambao walikuwa na wanafunzi mia na zaidi darasani na wasingeweza kukaa na kila mmoja na kumuuliza maji ya kwao yanatoka wapi.

Kabla hajaondoka aliniuliza kama nimepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Nilikuwa nimepeleka barua ofisi saba na hakuna hata moja iliyojibu. Alinipa namba ya simu ya mwenzake na kuniambia nijitambulishe kama mwanafunzi wa chama, nieleze nilichojifunza jioni ile. Hakuniahidi nafasi. Niliipata baada ya wiki mbili, na nadhani niliipata kwa sababu mwenzake aliponiuliza kwa nini ninataka kufanya kazi ya mabomba, nilikuwa na la kumjibu.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba hiyo ndiyo faida ya kwanza, na nikamwomba asiichanganye na kile kinachoitwa kubebwa. Mtu anayebebwa hupewa kazi asiyoiweza. Kilichotokea kwangu ni kwamba mtu mzima wa taaluma alipata nafasi ya kuniona nikifikiri, na barua zangu saba hazikuweza kumwonyesha mtu jambo hilo.

Vyama hivi tangu asili yake vilianzishwa na vijana waliokosa mahali pa kujifunzia. Kile cha wahandisi ujenzi cha Uingereza, ambacho wengi hukihesabu kuwa cha kwanza cha aina yake duniani, kilianzishwa na vijana wachache waliokutana katika mgahawa wa kahawa jijini London tarehe 2 Januari 1818, wakiongozwa na Henry Robinson Palmer, kwa sababu wakati huo kijana aliyetaka kuwa mhandisi hakuwa na shule ya kumfundisha na alilazimika kuokota maarifa kwa mtu mmoja mmoja. Waliamua kukutana ili kila mmoja awaeleze wengine alichokiona kazini. Miaka miwili baadaye walimwomba Thomas Telford, mjenzi mashuhuri wa madaraja na barabara, awe rais wao, naye akakubali. Mwaka 1828 wakapata hati ya mfalme ya kutambuliwa rasmi. Wazee walikuja baadaye, kwa kualikwa. Mwanafunzi anayeingia katika mkutano wa chama huku akijiona mgeni wa wakubwa hana sababu ya kujiona hivyo.

Hapa kwetu, Taasisi ya Wahandisi Tanzania ilianzishwa mwaka 1975, wakati ambapo wahandisi wa kwanza waliosomea katika ardhi yetu, katika kitivo cha uhandisi kilichofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, walikuwa bado hawajahitimu. Wengi huichanganya na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mpwa wangu naye alizichanganya, kwa hiyo ni vema nieleze. Bodi ni chombo cha serikali kilichowekwa na Sheria Namba 15 ya mwaka 1997. Ndiyo inayosajili, ndiyo inayoweza kufuta usajili, na bila usajili wake mtu haruhusiwi kisheria kufanya kazi ya uhandisi kwa jina la mhandisi. Taasisi ni chama cha hiari cha wanataaluma wenyewe. Bodi inamlinda mwananchi dhidi ya mhandisi mbovu, na Taasisi inamsaidia mhandisi asiwe mbovu. Mwanafunzi hawezi kusajiliwa na Bodi kama mhandisi kwa sababu hajahitimu, lakini katika Taasisi nafasi yake ipo tangu sasa.

Tofauti hii ina maana kubwa ukihitimu. Shahada haikufanyi mhandisi mtaalamu. Unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha unafanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka mitatu hivi, ukiandika kumbukumbu za kazi zako na kuzitolea taarifa, ndipo unapopimwa. Tangu mwaka 2003 Bodi ina mpango maalumu wa kuwasimamia wahitimu katika kipindi hicho. Nimekuwa msimamizi wa vijana kadhaa katika miaka hiyo, na ninaweza kumtambua ndani ya wiki moja yule aliyekuwa hai katika chama chake chuoni. Anajua kuandika taarifa ya ukurasa mmoja inayoeleweka. Anajua kusimama mbele ya watu waliomzidi umri na kusema "sijui, nitaangalia." Anajua kwamba daftari la kumbukumbu ni ushahidi, wala si adhabu. Mwingine, mwenye alama nzuri zaidi pengine, anahitaji miezi sita kulifikia hilo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifanya niliheshimu hili suala la chama kuliko nafasi ya mafunzo na kuliko somo la kishindo cha maji. Baada ya kuhitimu niliajiriwa na mkandarasi mmoja aliyekuwa akijenga jengo la ghorofa karibu na bahari, upande wa Mikindani. Nilikuwa mhandisi mhitimu, peke yangu, na mkuu wangu alifika mara moja kwa wiki. Alasiri moja lori lilimwaga mchanga mweupe, mwepesi, mzuri kwa kuutazama, na kesho yake asubuhi tulipaswa kumwaga zege la nguzo. Nilichukua chembe nikaweka ulimini. Ulikuwa na chumvi. Mchanga ulikuwa umechotwa nyuma ya ufukwe.

Watu wa pwani wanajua chumvi inavyokula mabati na baiskeli, lakini ndani ya zege inafanya kazi kwa siri. Zege zuri huizunguka nondo kwa hali ya ualkali inayoikinga na kutu, na kloridi iliyo ndani ya chumvi huivunja kinga hiyo. Nondo ikianza kushika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani hadi linapasuka na kubanduka. Hayo huonekana baada ya miaka, wakati mkandarasi ameshalipwa na watu wamehamia. Nilimwambia msimamizi wa kazi. Akanijibu kwa upole tu, kwamba mchanga ni mchanga, kwamba majengo mengi ya pwani yamejengwa hivyo, na kwamba nikisimamisha kazi nitalipia mimi siku ya mafundi thelathini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na mshahara wa kwanza ambao mama yangu alikuwa ameanza kuutegemea. Nadiriki kusema kwamba kama ningekuwa peke yangu kabisa jioni ile, ningenyamaza. Nilimpigia yule mzee wa pampu. Hakuwa mkuu wangu wala ndugu yangu; alikuwa mwanachama mwenzangu, na hiyo ilitosha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza mambo matatu: kama nguzo hizo zina nondo, kama mchanga umepimwa au kuoshwa, na kama nimeandika popote. Nilikuwa sijaandika. Akaniambia: "Usigombane na mtu. Andika katika daftari la kazi leo hii, chukua sampuli ipelekwe maabara, na mhandisi mshauri apate barua yako kabla jogoo hajawika. Ukishaandika, si ugomvi wako tena, ni suala la kazi."

Niliandika barua hiyo kwa tochi. Mhandisi mshauri alifika saa tatu asubuhi, akakataa mchanga ule, na zege lilisubiri siku nne hadi ulipoletwa mchanga wa mto kutoka bara. Mkataba wangu ulipokwisha miezi michache baadaye, mkandarasi hakuuhuisha. Kazi iliyofuata niliisikia kwa kijana niliyekutana naye katika mikutano ya chama tukiwa wote wanafunzi. Nimeeleza pande zote mbili kwa sababu sitaki mpwa wangu adhani kwamba kusema kweli hakuna gharama. Kuna gharama, na mtu huibeba vizuri zaidi akiwa na wenzake.

Hapo ndipo napingana na wale wanaopima faida ya uanachama kwa ajira tu. Wahandisi wataalamu wanaosajiliwa nchini mwetu hula kiapo cha taaluma mbele ya wenzao. Kiapo huapwa siku moja, lakini uwezo wa kukishika hujengwa miaka mingi nyuma, na hujengwa kwa kuwafahamu watu unaoona haya kuwaangusha.

Kuhusu mikoa yetu nina neno refu kidogo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi wakati bomba kubwa la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilipojengwa, likazinduliwa mwaka 2015, pamoja na mitambo ya kusafishia gesi ya Madimba. Bandari ya Mtwara imepanuliwa. Kiwanda kikubwa cha saruji kimejengwa. Huko Likong'o, Lindi, kwa miaka kadhaa sasa panazungumzwa mradi wa kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika. Vijana wetu wengi waliyaona mabomba yakipita mbele ya nyumba zao juu ya malori na wakafanya kazi za kuchimba mtaro, nazo ni kazi za heshima, lakini walio wachache mno walijua ni mlango gani wa kubisha ili wawe wanaopima unene wa bomba, wanaokagua maungio yake, au wanaolinda chuma kisiliwe na ardhi. Mtu asiyejua kwamba kuna taaluma nzima ya kukagua maungio ya chuma kwa mionzi na mawimbi ya sauti hawezi kuiomba. Matawi ya wanafunzi huomba vibali vya kutembelea miradi ya namna hiyo, na mhandisi wa mradi humpokea mwanafunzi aliyeletwa na chama kwa utayari kuliko anayebisha getini peke yake, kwa sababu chama kimeshamjibu maswali ya usalama na ya nidhamu.

Tena kuna mvua. Mwezi Mei mwaka 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga, na mikoa yetu ikaikosa njia yake kuu ya kupeleka na kuleta bidhaa. Siku zile simu za wahandisi hazikulala: watu walikuwa wakibadilishana picha za makalavati, wakibishana juu ya ukubwa wa mafuriko yaliyotumika katika usanifu, wakieleza namna maji yalivyochimba tuta kutoka upande wa chini. Wanafunzi waliokuwamo katika makundi hayo ya simu walipata darasa la haidrolojia, yaani elimu ya mvua na mwendo wa maji juu ya ardhi, ambalo hawatalisahau. Walilipata wakiwa bwenini, bila nauli, na hilo ni badiliko kubwa tangu enzi yangu. Mwanafunzi aliyeko likizo Tandahimba au Liwale anaweza leo kufuatilia mhadhara wa chama kwa njia ya mtandao, mradi awe na bando.

Kwa mabinti nina neno moja. Taasisi ina tawi la wahandisi wanawake, na ningemshauri kila binti anayesoma uhandisi aanzie hapo, kwa sababu yapo mambo ya kazi za nje ya ofisi, malazi, usalama na namna ya kuheshimiwa na mafundi, ambayo mimi sina ujuzi nayo na ambayo mama mhandisi aliyekwisha kuyapita anaweza kuyaeleza kwa nusu saa.

Vyama vya kimataifa navyo vina nafasi yake. Kile cha wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, kilichoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha vyama viwili vya Marekani, na kile cha wahandisi wa petroli, SPE, vina machapisho na mashindano ambayo mwanafunzi hawezi kuyapata kwingine kwa ada ndogo ya mwanafunzi. Lakini hukumu yangu ni kwamba mwanafunzi mwenye fedha ya chama kimoja aanze na cha nyumbani. Machapisho yanaweza kusubiri. Mtu anayeijua sheria ya nchi yako, udongo wa nchi yako na tabia za wakandarasi wa nchi yako, huyo unamhitaji sasa. Anayesomea umeme au gesi na mwenye uwezo wa ada mbili, na achukue vyote.

Mpwa wangu alisikiliza, kisha akaniuliza swali la kiutu uzima kuliko la kwanza: kama analazimika kulipa sasa au asubiri fedha za kujikimu, zile wanazoziita bumu. Nikamwambia asiziguse fedha za chakula kwa ajili ya ada ya chama, kwa maana mwanafunzi mwenye njaa hahudhurii mkutano jioni. Tulipatana kwamba mwaka huu nusu ya ada ya Taasisi nitaitoa mimi, na nusu ataitoa mama yake minada ya korosho ikishaanza. Mwaka ujao atailipa mwenyewe kutokana na posho ya mafunzo kwa vitendo. Fomu ya pili aliirudisha mkobani.

Kwa upande wake nilimtaka masharti mawili. La kwanza, ahudhurie mikutano isiyopungua minne kwa mwaka, na katika kila mkutano aulize swali moja kwa sauti yake, akiwa ameliandika kabla. La pili, ajitolee kazi yoyote ndani ya tawi, hata kama ni kupanga viti au kuandika mahudhurio, kwa sababu anayepanga viti ndiye anayempokea mgeni mlangoni, na ndiye anayemsindikiza hadi kwenye gari.

Aliondoka alfajiri na basi la Dar es Salaam. Nilikuwa nimemwandikia katika karatasi jina na namba ya yule mzee, ambaye sasa amestaafu lakini bado anaitikia simu za vijana, na nikamwambia atakapompigia aanze kwa shikamoo, kisha amwambie ni wa Kitangari. Juma lililofuata mpwa wangu alinitumia ujumbe. Mzee alikuwa amemuuliza maji ya kwao yanatoka wapi, naye amejibu, na sasa ametakiwa ahesabu kishindo cha maji katika bomba lenye urefu wa mita 2,000, apeleke majibu Jumamosi.